Jinsi ya kusoma alama za Apgar kwenye kadi ya mtoto wako

Wamama wengi mnatoka leba na kadi imeandikwa Apgar 8/9 na hakuna aliyewaelezea, basi mtu anafika nyumbani anaanza kuwaza eti mtoto wa jirani kapata 10 wangu kapata 8 sijui akili itakuwaje. Tuelewane kabisa hapa, hizo alama hazipimi akili, zinaonyesha tu mtoto alikuwa na hali gani dakika zake za kwanza baada ya kutoka.

Apgar ni jina la daktari, Virginia Apgar, Mmarekani aliyezaliwa 1909. Alimaliza udaktari Columbia, New York, mwaka 1933, alitaka upasuaji lakini mkubwa wake akamshauri aachane nao maana wanawake walikuwa hawapati nafasi, akaenda kwenye dawa za usingizi. Huko ndo akaona leba macho yote yako kwa mama, mtoto akitoka wa bluu na amelegea mara nyingi anachukuliwa kama ameshakufa, hakuna anayemhangaikia. Inasimuliwa kwamba siku moja kwenye kantini ya hospitali mwanafunzi alimuuliza mtoto mchanga anapimwaje, akaokota kikaratasi akaandika vitu vitano palepale kisha akaenda leba kuvijaribu. Mwaka 1953 vikachapishwa.

Vitu vyenyewe ni mapigo ya moyo, kupumua, misuli, jinsi anavyoitikia akiguswa, na rangi. Kila kimoja kinapewa 0, 1 au 2, jumla 10. Mfano moyo, hakuna mapigo ni 0, chini ya 100 kwa dakika ni 1, kuanzia 100 ni 2. Kupumua, akilia kwa nguvu 2, akipumua kwa kusuasua 1. Misuli, aliyelegea kabisa 0, anayerusha mikono na miguu 2. Kwenye rangi ndo wengi wanapoteza alama moja, maana mtoto mzima wa afya anaweza kutoka mwili una rangi nzuri ila viganja na nyayo bado za bluu, ndo maana 10 ya dakika ya kwanza ni adimu. Na kwa watoto wetu weusi rangi inaangaliwa midomoni, kwenye ulimi, viganja na nyayo, sio mgongoni.

Sasa soma kadi: namba ya kwanza ni ya dakika ya 1, ya pili ni ya dakika ya 5. Ila wengine wanaandika 8/10 wakimaanisha 8 kati ya 10, kwahiyo muulize nesi kabla hujaruhusiwa. 7 mpaka 10 ni nzuri, 4 mpaka 6 alihitaji kusaidiwa, 3 kushuka chini alichoka sana. Angalia zaidi ile ya pili, 4 ikipanda mpaka 8 maana yake mtoto alisaidiwa akaitikia, ni jambo la kushukuru. Ikibaki chini ya 7 wanarudia kila dakika 5 mpaka ya 20. Watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya muda, huwa wanapata chini kidogo kwasababu misuli yao haijakomaa, usilinganishe.

Na mkunga hasubirii alama ndo amsaidie mtoto, asipopumua anakaushwa, anasuguliwa mgongo na kuwekewa ambubegi (kile kifuko cha kumpulizia hewa) ndani ya dakika hiyo hiyo ya kwanza.

Kama ya dakika ya 5 ilikuwa chini, uliza mambo haya: alisaidiwa kupumua kwa muda gani, alipata degedege, ananyonya vizuri, arudi lini kuangaliwa. Usione aibu kuuliza, ni haki yako. Na hata aliyepata 10, akigoma kunyonya, akilegea, akipata homa au degedege, akipumua kwa shida, mkimbize hospitali hata kama ni usiku wa manane na kadi ubebe.