Bakuli jeusi la Raku: kulichoma na kulitoa jokoni likiwa bado jekundu

Binti mmoja niliyekuwa nikimwelekeza ni mfinyanzi hodari, mkono wake mwepesi kuliko wangu, lakini kila bakuli jeusi alilochoma lilitoka la kahawia. Alibadilisha udongo, akabadilisha glezi (ule mpako unaoyeyuka kuwa kioo juu ya chombo), akaongeza moto. Tatizo halikuwa huko. Lilikuwa katika zile dakika chache za mwisho, na ndiyo sababu hatua ya sita hapa chini imezimeza nyingine zote.

Kwanza tuelewane ni Raku ipi. Wengi wanaijua ile ya moshi: chombo kinatoka jokoni, kinatumbukizwa kwenye ndoo ya maranda, miali inaruka, watu wanapiga picha. Hiyo ni ya Marekani, ilianza na Paul Soldner kule California mwaka 1960. Kwa pambo la sebuleni sina neno. Kwa bakuli la kunywea siitaki, kwa sababu masizi yanaingia katika nyufa ndogondogo za glezi na udongo wenyewe unabaki na harufu ya moshi. Raku ya Kyoto, iliyoanzishwa na Chojiro katika karne ya 16 kwa ajili ya Sen no Rikyu, bwana wa sherehe ya chai ya Kijapani, haina ndoo wala maranda. Bakuli linatolewa likiwaka, linapoa hewani, basi. Ukoo wa Raku bado upo Kyoto, sasa uko kwenye kizazi cha 16, na jeusi hulichoma moja moja kwa mkaa na mivukuto. Mimi natumia gesi, lakini hilo la moja moja nimelishika.

Hatua ya 1: Udongo

Tumia udongo wa kufinyangia unaovumilia nyuzijoto 1100, uchanganye na vigae vilivyopondwa na kuchekechwa, kiasi cha robo ya uzito wote. Usiwe bahili wa vigae. Ndivyo vinavyozuia bakuli lisipasuke linapotoka kwenye moto mkali na kukutana na hewa. Udongo laini usio na chenga, hata uwe mzuri namna gani kwenye gurudumu, weka kando.

Hatua ya 2: Kufinyanga

Bila gurudumu. Najua wapo watakaobisha, lakini bakuli la Raku lililozungushwa linaonekana tu. Tandaza udongo uwe duara bapa, kisha inua kingo polepole kwa viganja vyote viwili huku ukilizungusha. Acha ukuta mnene. Udongo ukikaza kiasi cha kutobonyea, chonga ndani na nje kwa kisu cha kuchongea hadi ukuta ubaki milimita 6 au 7, na chini uzidi kidogo.

Bakuli likishakamilika mdomo uwe na upana wa sentimita 11 au 12 na kimo cha 8 hivi, kwa hiyo anza na kubwa kidogo maana udongo husinyaa. Ndani kabisa, katikati, bonyeza kishimo kipana ambamo chai ya mwisho itatulia. Wajapani wanakiita chadamari. Sehemu ya chini iwe laini, kwa sababu hapo ndipo mchapo wa mianzi unapofanya kazi ya kukoroga matcha, chai ya kijani ya unga, na meno yake ni membamba sana. Mdomo usiwe na ukali, ila usiunyooshe kwa rula. Upande na ushuke kidogo.

Mguu uchonge mwishoni. Usiwe mrefu.

Hatua ya 3: Mchomo wa kwanza

Kausha vizuri, choma hadi nyuzijoto 900 au 950 kama unavyochoma vyombo vyako vingine.

Hatua ya 4: Glezi

Ile ya asili hutengenezwa kwa jiwe la mto Kamo wa Kyoto, lenye chuma na manganizi. Manganizi naikwepa, mvuke wake jokoni unadhuru neva. Risasi ndiyo usiiguse kabisa, ingawa glezi nyingi za zamani za moto mdogo ziliitegemea. Weusi unaweza kuupata kwa chuma peke yake. Anza majaribio na sehemu 60 za friti (kioo kilichosagwa) ya boroni isiyo na risasi, 30 za udongo mwekundu uliochekechwa, na 10 za oksidi nyekundu ya chuma. Nasema majaribio kwa sababu udongo mwekundu wa kwako si wa kwangu. Paka kwenye vipande kwanza.

Kwenye bakuli paka kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, kila moja likauke kwanza, hadi ufike unene wa milimita moja au zaidi kidogo. Glezi nyembamba haiwi nyeusi hata ufanye nini. Mabakuli ya Kyoto mara nyingi hupakwa hadi chini ya mguu. Mimi mguu nauacha wazi ili usigande kwenye tofali.

Hatua ya 5: Joko

Pipa la lita 200 lililokatwa nusu na kutandikwa ndani blanketi la nyuzi za seramiki, tabaka mbili. Kichomeo cha gesi kiingie chini kwa upande, mwali uzunguke ukuta usilipige bakuli. Kifuniko juu, chenye tundu la kutolea moshi ambalo pia ni la kuchungulia. Unapokata blanketi vaa barakoa, vumbi lake ni baya kwa mapafu. Bakuli lisimame juu ya kipande cha tofali la moto, si sakafuni, ili ncha za koleo zipate nafasi ya kupita chini ya kiuno chake.

Hatua ya 6: Kusoma moto na kulitoa

Anza na moto mdogo kwa nusu saa, kisha ongeza taratibu. Kwa kipimo nalitoa kati ya nyuzijoto 1050 na 1100, lakini sikuambii utoe kwa kipimo. Waya wa kipimajoto unasoma hewa ya pale ulipo, sio glezi. Yule binti alikuwa anaitazama namba tu, ikifika anazima gesi.

Tazama uso wa bakuli. Vaa miwani ya mafundi wa kuchomelea ya giza jepesi. Miwani ya jua haikukingi na miale ya joto. Mwanzo glezi inaonekana kama vumbi kavu. Baadaye inachemka na kujaa vipele, ngozi yake ikawa kama ganda la chungwa. Hapa wengi huona mng'ao wa kwanza wakadhani imeiva. Haijaiva. Ukilitoa sasa vile vipele vinaganda vilevile na bakuli litakuwa na vishimo kila mahali. Subiri vipele vitulie na uso uwe mmoja, umelowa. Ingiza fimbo nyembamba ya chuma kupitia tundu la juu, isogeze karibu na bakuli bila kuligusa. Ukiona kivuli cha fimbo kimejichora kwenye glezi kwa mstari ulionyooka, imeyeyuka. Mstari ukivunjikavunjika, bado.

Ushahidi bora zaidi ni pete. Finyanga vipete vichache vya udongo uleule, vichome mchomo wa kwanza, vipake glezi ileile kwa unene uleule, uvipange kando ya bakuli mahali pa kufikika. Unapohisi wakati umefika, ng'oa kimoja kwa fimbo yenye ndoano na ukiache kipoe hewani. Kikitoka cheusi na laini, sasa hivi. Kikitoka na vipele, ngoja dakika kumi uchukue kingine. Wajapani nao huvuta vipande vya namna hii kutoka jokoni, na sioni sababu ya sisi kubahatisha. Angalizo: rangi ya moto inadanganya kwenye jua. Wekundu unaouona jioni hautauona saa sita mchana, kwa hiyo fanyia kazi kivulini, na kila mara wakati uleule wa siku.

Sasa kutoa. Muwe wawili. Nguo za pamba, si nailoni. Glavu ndefu za ngozi. Viatu vilivyofunika miguu. Koleo liwe refu, na ncha zake mpe fundi wa kuchomelea azipinde zifuate umbo la bakuli. Zipashe moto kwanza karibu na tundu, maana chuma baridi kikigusa glezi iliyoyeyuka kinaweza kulipasua bakuli palepale. Zima gesi. Mwenzako aondoe kifuniko. Shika chini ya kiuno, kamwe usishike mdomo, inua moja kwa moja, weka. Alama ya koleo itabaki kwenye glezi. Iache, kwenye mabakuli meusi ya Kyoto alama hiyo huthaminiwa.

Pa kuweka pawe tayari kabla: tofali kavu la moto, pasipo upepo. Usiweke juu ya sakafu ya saruji, inaweza kuruka vipande kwa joto.

Na hapa ndipo kahawia inapozaliwa. Yule binti aliogopa bakuli lisipasuke, kwa hiyo baada ya kuzima gesi aliliacha jokoni “lipumue kidogo.” Katika ubaridi wa polepole chuma kilichoyeyuka ndani ya glezi kinapata muda wa kujitenga na kujenga fuwele nyekundu-kahawia. Kikipozwa ghafla hakipati muda huo, kinabaki kimenaswa ndani ya kioo, na kioo kinakuwa cheusi. Kati ya kuzima gesi na bakuli kutua kwenye tofali zisipite sekunde nyingi. Kama unaogopa mpasuko, rudi hatua ya kwanza uongeze vigae.

Utasikia glezi ikilia “ting, ting” inapopoa. Ni kawaida. Mlio mmoja mzito wa “tok” ndio wa kuhuzunisha. Wengine hulitia majini ili lipoe haraka zaidi. Sipendekezi, hewa inatosha.

Likitoka na vipele au kahawia halijapotea. Liache lipoe kabisa, ongeza tabaka la glezi kama ni jembamba, kisha lichome tena ukianza na moto mdogo zaidi ya mara ya kwanza.

Hatua ya 7: Kabla ya kunywea

Udongo wa Raku unabaki na vinyweleo. Loweka bakuli kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache kabla ya kutia chai, ili linywe maji safi badala ya matcha. Usiweke ndani yake ndimu, siki wala chakula cha kulaza usiku kucha. Baada ya kutumia suuza bila sabuni, futa, na uliache wazi siku kadhaa kabla ya kulifungia sandukuni, la sivyo litaota ukungu.