Bata bukini wa mapambo: kutenganisha kosa la damu na kosa la matunzo

Anayefuga bata bukini kwa uzuri wa manyoya hupata hasara kubwa pale anapomwondoa ndege mwenye damu nzuri kwa sababu ya dosari iliyotokana na chakula, halafu akabakiza kwa uzazi ndege mwenye dosari ya kurithi kwa kuwa siku ya uchaguzi alionekana safi. Kila kasoro iulizwe kwanza: imetoka kwa wazazi au imetoka bandani?

Rangi hupigiwa hesabu kabla ya yai

Jeni (chembe ya urithi) ya rangi ya mchanga, kama ya bata bukini wa aina ya Brecon Buff, imekaa kwenye kromosomu ya jinsia, yaani uzi wa urithi unaoamua dume au jike, na hujificha mbele ya kijivu. Dume ana nakala mbili za kromosomu hiyo, jike ana moja tu. Kwa hiyo jike wa kijivu hawezi kuficha rangi ya mchanga. Angekuwa nayo, ingeonekana. Dume wa kijivu anaweza kuibeba miaka yote bila mtu kujua.

Ukimpandisha dume wa mchanga kwa jike wa kijivu, watoto wa kike wote watakuwa wa mchanga na wa kiume wote wa kijivu, kila mmoja wao akiwa ameibeba jeni hiyo. Ukigeuza, dume wa kijivu halisi (asiyeibeba jeni ya mchanga) kwa jike wa mchanga, vifaranga wote watakuwa wa kijivu. Chukua madume waliozaliwa hapo, wapandishe kwa majike wa mchanga wasio dada zao, na takriban nusu ya vifaranga wa kila jinsia watatoka mchanga. Mchanga kwa mchanga huzaa mchanga.

Mabaka ya tandiko, yaani baka la rangi mgongoni kwenye mwili mweupe, ya aina ya Pomeranian hufuata njia nyingine. Jeni yake haihusiani na jinsia, na lazima itoke kwa baba na kwa mama ndipo mabaka yaonekane. Ndege aliyeibeba nakala moja mara nyingi hujitaja kwa manyoya machache meupe chini ya mdomo au kwenye ncha za mabawa. Ukiona hayo kwa bata wa kijivu kizima, usimwingize kwenye kundi la kijivu safi. Ukubwa wa baka nao hutofautiana hata kwa ndugu wa kiota kimoja, hivyo chagua walio na tandiko lenye mipaka mikali na pande zinazolingana.

Weupe nao si wa aina moja. Aina ya Embden ni nyeupe kwa jeni ya kufifisha rangi ikiungana na ile ya mabaka, ilhali bata bukini mweupe wa Kichina ni mweupe kwa jeni nyingine kabisa. Ukiwachanganya, vifaranga hutoka na rangi, na mfugaji huanza kumshuku muuzaji bure. Wazazi hao hawana kosa, ila hawakupaswa kuunganishwa.

Usihukumu kwa vazi la kwanza

Kifaranga huanza na malaika (manyoya laini ya kuanguliwa nayo), kisha katika wiki ya 8 hadi ya 10 huvaa manyoya ya utotoni, na baada ya hapo huyabadilisha kwa manyoya ya utu uzima. Bata Embden wachanga wengi, hasa majike, huwa na manyoya ya kijivu mgongoni wakiwa katika vazi la utotoni. Hayo huanguka na meupe hushika nafasi. Wanaowachuja ndege wenye wiki 10 kwa rangi huwatupa wazalishaji wao bora.

Uchaguzi ufanyike mara tatu. Siku ya kuanguliwa, andika rangi ya malaika na ya mdomo: kwa aina ya Pilgrim hapo ndipo jinsia inapojulikana, kwani madume huwa wa rangi nyepesi yenye mdomo mpauko na majike wa kijivu chenye mdomo mweusi. Katika wiki ya 10 ondoa tu wenye ulemavu wa mwili. Uamuzi wa rangi na ubora wa unyoya ungoje vazi la utu uzima likamilike.

Rangi ya mchanga hupauka juani. Usipime uso wa bawa peke yake; inua unyoya mmoja wa mgongoni na ulinganishe sehemu iliyokuwa imefunikwa na ile iliyokuwa wazi. Iliyofunikwa ndiyo rangi ya damu. Kama zote mbili ni hafifu au zina ukijivu, hilo ni la kurithi.

Mkononi

Mkamate kwa shingo karibu na mabega, kisha umpakate kifua kikiwa juu ya mkono wako, kichwa kikielekea nyuma chini ya kwapa na miguu ikiwa imeshikwa kati ya vidole. Kamwe usimwinue kwa bawa moja. Fungua bawa taratibu uelekeze kwenye mwanga. Uti wa kila unyoya uwe imara, na vitawi vyake vishikamane. Ukivitenganisha kwa vidole kisha ukavipangusa kuelekea nchani, virudi kushikana.

Ukiona mistari myembamba inayokata unyoya kwa mapana, mahali palepale kwenye manyoya yote ya mabawa mawili, huyo alipata njaa, homa au mshtuko manyoya yalipokuwa yanaota. Msamehe. Yakiota upya atakuwa sawa. Manyoya yanayolowa maji haraka huelekeza kwenye matope, chawa, au ukosefu wa maji ya kuoga: bata anahitaji walau chombo cha kuzamisha kichwa chote ili asafishe macho na pua, na beseni la kuoga ili atandaze mafuta ya tezi iliyo juu ya mkia. Rekebisha hayo kwanza. Asiyepona baada ya kubadilisha manyoya, mwache nje ya uzazi.

Bawa lililopinduka nje huleta ubishi mwingi. Sababu ya kawaida ni protini na nafaka nyingi wakati manyoya makubwa ya bawa, yaliyojaa damu na mazito, yanaota haraka kuliko kifundo cha bawa kinavyoweza kubeba. Ukiliona mapema, lifunge likiwa limekunjwa katika hali yake ya kawaida kwa siku 3 hadi 5, na upunguze protini. Lakini jozi moja ikitoa vifaranga wenye bawa hilo mwaka hadi mwaka, huku wengine wa chakula kilekile wakiwa salama, ivunje jozi hiyo.

Sebastopol

Hii ni aina ya manyoya ya kujikunja. Unyoya wake una uti laini uliopasuka, ndiyo maana hujikunja na kuning'inia, na ndege huyu haruki. Chagua mikunjo mirefu, mipana, iliyojaa pande zote. Acha yenye uti wa kukatika au inayoonekana kama nyuzi chafu hata baada ya kuoga. Ukimchanganya na bata wa manyoya ya kawaida, utahitaji vizazi kadhaa kurudisha mikunjo kamili.

Mayai yake yasiporutubishwa, angalia nyuma kabla ya kumlaumu dume. Manyoya marefu huziba tupu. Yakate kwa mkasi kuzunguka tupu ya dume na ya jike kabla ya msimu, na upunguze ya mgongoni mwa jike ili dume asiteleze.

Chakula na kupandisha

Wiki 3 za mwanzo mpe chakula chenye protini asilimia 20 hadi 22, kisha ushuke hadi 15 au 16 pamoja na majani mabichi kwa wingi. Bata bukini huhitaji niasini (vitamini B3) zaidi ya kuku, hivyo ukitumia chakula cha kuku ongeza unga wa chachu ya bia. Vifaranga wakibanana au wakikosa majani huanza kunyonyoana manyoya, na mgongo ulio wazi husomwa vibaya siku ya uchaguzi. Baada ya msimu wa kutaga, wazima hudondosha manyoya ya mabawa kwa pamoja. Wakati huo ongeza protini kidogo na usiwashike, maana manyoya mapya yana damu na huvunjika.

Dume mmoja apewe majike 2 au 3 kwa aina nzito, 3 hadi 5 kwa nyepesi. Waunganishe mwezi mmoja au miwili kabla ya kutaga, kwani huchagua wenza na jike aliyekataliwa hatoi kifaranga. Tumia mayai ya majike wenye miaka 2 na kuendelea.

Kila ndege avae pete ya mguuni yenye namba, na daftari lionyeshe wazazi, upande wenye dosari na umri ilipoonekana. Dume ukimshuku kwa dosari fulani, mpandishe kwa majike wawili wasio ndugu. Dosari ikijitokeza kwa watoto wa jike mmoja tu, mchunguze jike huyo pia, kwani jeni inayojificha, isiyohusiana na jinsia, huhitaji wazazi wote wawili. Ikitokea kote kote, mwondoe dume kwenye uzazi, hata kama yeye mwenyewe ndiye mzuri kuliko wote bandani.