Namna ya kupata mkopo wa gari Marekani unapoishi kwa mafao ya ulemavu

Wengi wanaoishi Marekani kwa mafao ya ulemavu hufika kwenye yadi ya magari wakiwa wameshakata tamaa, kwa kudhani kwamba asiye na hati ya mshahara hana haki ya kukopa. Dhana hiyo si sahihi. Sheria ya Fursa Sawa za Mikopo ya mwaka 1974, pamoja na marekebisho yake ya 1976, inamkataza mkopeshaji kumbagua mwombaji kwa sababu kipato chake, chote au sehemu yake, kinatoka katika mpango wa serikali wa kusaidia wananchi. Anachoruhusiwa kupima ni ukubwa wa kipato hicho, uwezekano wa kuendelea kwake, na jinsi mwombaji anavyobeba madeni aliyo nayo. Kazi yako, basi, ni kuyathibitisha mambo hayo kwa karatasi kabla hujaulizwa.

Anza kwa kujua unalipwa mafao gani, kwa maana watu huyachanganya. SSDI ni bima ya ulemavu inayolipwa kutokana na makato ya kazi uliyowahi kufanya, nayo haiwekewi kikomo cha akiba wala mali. SSI ni msaada kwa wenye kipato kidogo, na kwa mwaka 2025 kiwango chake cha juu cha serikali kuu kilikuwa dola 967 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Omba barua ya uthibitisho wa mafao kutoka Idara ya Hifadhi ya Jamii, ambayo hupatikana bila malipo kupitia akaunti yako ya mtandaoni au kwa kupiga simu, kisha iambatanishe na taarifa za benki za miezi michache zinazoonyesha fedha zikiingia. SSI haikatwi kodi ya mapato, na SSDI ya mtu asiye na kipato kingine kikubwa kwa kawaida haikatwi pia. Muulize mkopeshaji kama hulizingatia jambo hilo, kwani wako wanaoikuza hesabu ya kipato kisichokatwa kodi. Huna haja ya kusimulia ugonjwa wako. Barua inatosha.

Uendelevu wa kipato una sura ya pekee kwa wasomaji wengi wa Kiswahili walioingia Marekani kama wakimbizi, hasa waliotoka Kongo. Mkimbizi ambaye hajapata uraia kwa kawaida hulipwa SSI kwa miaka 7 tu. Mtu aliyebakiza miaka miwili katika muda huo, akachukua mkopo wa miaka sita, anajifunga mzigo ambao kipato chake hakitafika nao mwisho, hata kama karani wa mikopo hakuiona hatari hiyo. Maombi ya uraia yashughulikiwe kwanza, au muda wa mkopo ufupishwe.

Kabla ya kumkaribia muuzaji yeyote, soma taarifa zako za mikopo kutoka Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazotunza historia za mikopo za watu, ambazo unaweza kuzipata bure, na upinge makosa yaliyomo. Kisha nenda kwenye ushirika wa akiba na mikopo, ndugu wa karibu wa SACCOS tulizozizoea nyumbani, uombe idhini ya awali, yaani kukubaliwa mkopo kabla hujachagua gari. Vyama vya aina hiyo vilivyosajiliwa na serikali kuu vina ukomo wa riba wa asilimia 18 kwa mikopo mingi. Maombi kadhaa ya mkopo wa gari yakifanywa ndani ya siku 14 huhesabiwa kama ulizo moja katika alama zako za mkopo, yaani namba inayoonyesha jinsi unavyoaminika kulipa madeni, kwa hiyo linganisha bila woga. Yadi zinazokopesha zenyewe bila kuangalia historia yako ziwe za mwisho kabisa, maana urahisi wake hulipiwa kwa riba.

Muuzaji atakuuliza unaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi. Usilijibu swali hilo. Uliza bei yote, riba na muda. Mkopo wa dola 12,000 kwa riba ya asilimia 9 na miezi 48 una rejesho la takriban dola 299 kwa mwezi, na mwisho wake utakuwa umelipa kama dola 14,330. Kiasi hichohicho kwa asilimia 18 na miezi 72 kina rejesho la dola 274, ambalo linaonekana jepesi, lakini jumla yake inakaribia dola 19,700. Nafuu ya dola 25 kwa mwezi imegharimu zaidi ya dola 5,300. Ongeza bima kamili, ambayo mkopeshaji huidai hadi deni liishe. Kwa maoni yangu, anayeishi kwa SSI peke yake asiuguse mkopo wa ukubwa huo. Atafute gari la bei ndogo zaidi na atangulize fedha nyingi kadiri awezavyo.

Hapo ndipo penye mtego. Mpokeaji wa SSI haruhusiwi kuwa na akiba na mali zinazohesabika zaidi ya dola 2,000, au 3,000 kwa wanandoa wote wawili wanaolipwa. Gari moja linalotumika kwa usafiri wake au wa watu wa nyumbani mwake halihesabiwi, hata liwe ghali, lakini fedha za kulinunua zikikaa benki huhesabiwa. Akaunti ya ABLE, ambayo ni akaunti maalumu ya akiba kwa watu wenye ulemavu, huondoa tatizo hilo, kwa kuwa salio lake hadi dola 100,000 halihesabiwi. Tangu Januari 2026 inawafaa waliopata ulemavu kabla ya kutimiza miaka 46, badala ya 26 ya awali. Michango ya ndugu nayo ina utaratibu wake: ukipewa taslimu mkononi, ni kipato na inaweza kupunguza SSI yako, ilhali ndugu akimlipa mkopeshaji moja kwa moja, haihesabiwi. Ndugu anayekubali kukudhamini aelezwe wazi kwamba ukishindwa, atadaiwa yeye.

Ukikataliwa, mkopeshaji anapaswa kukujulisha ndani ya siku 30 tangu apokee maombi yaliyokamilika, na una haki ya kupewa sababu mahususi kwa maandishi. Sababu ikiwa ni deni kubwa au historia fupi ya mikopo, una kitu cha kurekebisha kabla ya kuomba tena. Ikiwa maneno yake yanaashiria kwamba mafao hayakubaliki kama kipato, ihifadhi barua hiyo na upeleke malalamiko katika Ofisi ya Ulinzi wa Fedha za Watumiaji, CFPB, ukiambatanisha nakala ya barua yako ya mafao.