Kurudisha barabarani gari la mashindano: yaliyonikuta na Datsun 240Z hapa Dodoma

Kama umepata gari la zamani lililokuwa likikimbia mbio, na unataka liwe na kadi safi, bima, na uweze kukatiza mjini bila moyo kudunda kila ukiona trafiki, soma hapa kabla hujamwita fundi rangi. Mimi nilianza na rangi. Kosa hilo lilinila miezi miwili na gharama ya kupuliza mara ya pili.

Gari langu ni Datsun 240Z, aina ileile iliyoshinda mbio za Safari Rally mwaka 1971 ikiwa na dereva Edgar Herrmann na tena 1973 ikiwa na Shekhar Mehta. Nililikuta Kizota chini ya mwarobaini, limekalishwa juu ya matofali. Ndani lilikuwa na vyuma vya kukinga paa, viti viwili vya mbio, na vioo vya milango vya plastiki vilivyogeuka njano kwa jua. Mwenyewe alishafariki. Kama kadi ina jina la marehemu, anayekuuzia ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, basi. Mtoto mkubwa, hata awe muungwana kiasi gani, hana mamlaka ya kuuza mpaka awe na barua ya uteuzi huo. Ishike mkononi kabla hujatoa hela, mkataba uandikwe kwa wakili, vitambulisho vya NIDA na namba za mlipakodi za pande zote mbili ziwepo. Hayo mengine ya uhamisho unayajua.

Sasa tuje kwenye namba, maana ndiko nilikoumia.

Kadi ya gari imebeba mambo manne ambayo watu wa mbio huyabadilisha bila kumwambia mtu: rangi, injini, namba yake na ujazo wake. La tano, namba ya chesisi, hawalibadilishi ila hulifunika. Kadi yangu ilisema injini ya L24, cc 2,393, rangi nyeupe. Nilipofungua boneti nilikuta L28 ya cc 2,753, iliyong'olewa kwenye Nissan Patrol. Kwa nje injini hizi ni ndugu wa tumbo moja, zote silinda sita za mstari, na fundi asiyesoma namba hatagundua kitu. Mkaguzi wa magari wa polisi atagundua, na ana kila haki ya kuuliza injini hiyo ilitoka kwa nani.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kitambaa na mafuta ya taa. Namba ya injini za L imegongwa ubavuni mwa bloku, upande wa plagi, kwa nyuma, chini kidogo ya silinda hedi. Futa, piga picha, linganisha na kadi. Namba ya chesisi iko kwenye ukuta wa bati unaotenga injini na dereva, na kwa 240Z za usukani wa kulia inaanza na HS30. Ukiiona, usiruhusu mtu aiguse.

Mimi sikufanya hivyo. Fundi wangu, kijana mwenye mkono mzuri sana, aliona ukuta ule una mabaka. Akaupaka puti, akasugua kwa msasa, akapuliza nyekundu pamoja na gari zima, boneti nyeusi, kama magari ya Datsun yalivyokuwa kwenye Safari. Gari lilipendeza. Nikalipeleka kwenye ukaguzi. Mkaguzi akafungua boneti, akapitisha kidole ukutani.

"Namba iko wapi, mzee?"

"Ipo hapo afande, chini ya rangi."

"Mimi sisomi chini ya rangi. Na ukitia grenda hapo, hili linakuwa jambo jingine kabisa."

Alikuwa sahihi, na namshukuru kwa kuniambia mapema. Namba iliyoliwa na grenda au msasa mkali haina tofauti na namba ya gari la wizi. Ukishaikwangua, hakuna barua itakayokusafisha kirahisi. Tulikubaliana niitoe rangi mbele yake. Siku ya miadi nilikuja na thina, matambara na mswaki wa plastiki. Nililoweka, nikasubiri, nikafuta. Ikatoka nyekundu, ikafuata puti ya kijivu, kisha rangi nyeusi nzito ambayo watu wa mbio waliipaka zamani, kisha nyeupe ya kiwandani. Baada ya hapo ikatokea H, ikafuata S, kisha tarakimu moja baada ya nyingine. Afande aliinama na tochi ya simu, akasoma akilinganisha na kadi, akarudia mara ya pili, ndipo akaandika.

Injini ilinichosha zaidi. Kwenye mafaili ya marehemu kulikuwa na karatasi ya mkono imeandikwa "injini ya Patrol", bila namba wala jina kamili. Hiyo haikusaidia kitu. Unachohitaji ni mkataba wa mauzo ya injini wenye namba yake, nakala ya kadi ya gari ilikotoka, na sahihi ya mwenye gari hilo mbele ya wakili. Kama umenunua dukani, risiti ya EFD iliyoandikwa namba ya injini. Patrol ile ilichinjiwa Manyoni, nami nilikwenda huko mara mbili. Mara ya kwanza nilirudi na barua isiyotaja namba ya injini, kwa hiyo ile safari yote ikawa bure. Andika rasimu ya barua mwenyewe kabla hujapanda basi, acha nafasi ya sahihi tu. Na kama mwenye injini hapatikani, ni heri utafute L24 yenye karatasi uirudishe, kuliko kung'ang'ania nguvu za L28 ambazo huwezi kuzithibitisha.

Upande wa gari lenyewe, taa, indiketa, honi, waipa, mtungi wa kuzimia moto na pembetatu havina hadithi. Yafuatayo yana hadithi.

Hendibreki ya mbio inasukumwa na mafuta, na kazi yake ni kugeuza mkia wa gari kwenye kona, si kulishikilia kilimani. Ukiegesha, baada ya muda inalegea. Rudisha ile ya waya. Pedi za breki za mbio zinashika zikishapata moto. Asubuhi ya baridi ya Julai hapa Dodoma, mzunguko wa kwanza kutoka nyumbani, unakanyaga na gari linaendelea. Nilinusurika kumgonga mtu wa bodaboda kwa sababu hiyo. Weka pedi za kawaida mbele kabla hujawasha gari kwenda popote. Vyuma vya kukinga paa vinamlinda mtu aliyevaa helmeti. Bila helmeti, bomba lililo karibu na sikio lako ni nyundo. Nilikata vya mbele, nikabakiza upinde wa nyuma ya viti, na mikanda ya mbio nikaibadilisha kwa ya kawaida ya pointi tatu.

Kabureta tatu za mbio zenye midomo wazi nazo zikae kabatini. Vumbi letu la Agosti hadi Oktoba, pepo zikianza, litakwangua silinda zako msimu mmoja tu. Nimerudisha kabureta mbili za asili na boksi lake la kichujio, na sailensa kwenye eksozi.

Ripoti ya ukaguzi ikishatoka, unaipeleka TRA pamoja na kadi halisi, mkataba na karatasi za injini, uombe uhamisho na mabadiliko ya taarifa kwa pamoja. Utapewa kontroo namba, unalipa kwa simu au benki. Jihadhari na vishoka wa nje. Mmoja alinidai laki nne za "ada ya barabara ya miaka yote gari lilipolala". Ada hiyo ya mwaka ilifutwa mwaka 2017, mzigo wake ukahamishiwa kwenye mafuta. Deni la serikali lina kontroo namba. Lisilo nayo ni la kishoka.

Bima iwe ya mwisho. Wakala mmoja alinikatia mapema kwa kadi ya zamani, ikasoma nyeupe na cc 2,393, ikabidi irudiwe. Ukipata ajali na bima inaeleza gari jingine, utabaki na mtu wa watu hospitalini na karatasi isiyokutetea. Kadi mpya isome mstari kwa mstari hapohapo dirishani, kisha ndipo ukate bima.

Gari nimelipuliza upya, nyekundu na boneti nyeusi. Kile kipande cha ukuta chenye namba, kiasi cha kiganja, nimekiacha na nyeupe yake ya kiwandani na kukipaka vanishi isiyo na rangi. Wiki iliyopita njia ya Ihumwa nilisimamishwa, askari akataka kuona chesisi. Nikafungua boneti, akasoma bila kuomba tochi.