Kutambua aina ya virusi vya dengue wakati maabara imejaa sampuli za korona

Dengue ina aina nne za virusi, ya 1 hadi ya 4, na dalili hazikuambii ni ipi. Aliyepona aina moja akaugua nyingine baadaye ndiye aliye hatarini zaidi kutokwa damu na kuishiwa nguvu ghafla. Barabara ya malori ya kutoka Mombasa hupita Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa hiyo aina mpya ikiingia, wilaya ijue mapema.

Kila kitu kinategemea siku ya homa. PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya virusi, huvikamata kwenye damu katika siku 5 hivi za mwanzo. Baada ya hapo zinabaki kingamwili za IgM (kinga ya mwanzo ambayo mwili huunda), ambazo hazitaji aina, na tena huchanganya dengue na Zika, West Nile, hata chanjo ya homa ya manjano. Tarehe ya kufika kituoni si tarehe ya homa kuanza: wengi hununua kwanza dawa ya malaria dukani. Uliza, "Mwili ulianza kuchemka kabla ya siku ya soko au baada yake?" Jibu liandike kwenye chupa yenyewe, maana fomu hupotea.

Kijiti cha puani cha korona hakitoshi kwa dengue. Chukua damu mililita 5, kifuniko chekundu au cha zambarau. Cha kijani kina heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda), nayo huzuia PCR: utapata hasi ya uongo. Chupa nyekundu iache dakika 30 igande, izungushe kwenye mashine dakika 10, utenge seramu (maji ya damu yasiyo na chembe) ndani ya saa 24. Ikifika maabara kesho, nyuzi 4 zinatosha. Ikikaa zaidi, nyuzi 70 chini ya sifuri. Friza inayozimika kila umeme ukikatika ni balaa, kwa sababu kuganda na kuyeyuka mara kwa mara hukatakata RNA, yaani vinasaba vya virusi. Damu ambayo haijatengwa isigusane na barafu kwenye kisanduku cha boda; chembe zitapasuka.

Kinachoadimika wakati wa korona ni vitendanishi (kemikali) vya kutoa RNA kwenye sampuli. Changanya seramu za wagonjwa watano, mikrolita 28 kila mmoja, upate 140 za utoaji mmoja. Gharama yake ni kwamba Ct, yaani idadi ya mizunguko ya PCR hadi virusi kuonekana (ikiwa ndogo, virusi ni vingi), hupanda kama mizunguko 2.3, na virusi vichache hupotea. Kwa hiyo changanya za siku ya 1 hadi 3 tu. Za siku ya 4 na 5, na zilizo chanya kwa kipimo cha haraka cha NS1 (protini ya virusi vya dengue), zipime pekee. Chanya zikifika 3 kati ya 10, acha kuchanganya: kufungua makundi chanya na kupima kila mmoja upya kutakula ulichookoa.

Kwa kipimo cha PCR cha rangi nne, rangi moja kwa kila aina, mashine iende nyuzi 50 dakika 30, nyuzi 95 dakika 2, kisha mizunguko 45 ya nyuzi 95 sekunde 15 na nyuzi 60 dakika 1. Weka sampuli za udhibiti, zinazojulikana ni chanya, za aina zote nne, na maji matupu. Mashine inayosoma rangi mbili tu pia inafaa: gawa kazi mara mbili. Sampuli ya mtu mmoja ikionyesha aina mbili, moja ikiwa na Ct ya juu sana kuliko nyingine, shuku rangi kuvujia nyingine. Rudia kila aina pekee kabla ya kutangaza maambukizi mawili. Zenye Ct chini ya 30 zitengwe kwa kusomwa jeni ya E (ya ganda la nje la virusi), yenye herufi kama 1,485; hizo zipelekwe UVRI, taasisi ya utafiti wa virusi ya Uganda, Entebbe.

Korona chanya haifuti dengue, na vipimo vya haraka vya kingamwili za dengue vimewahi kutoa chanya za uongo kwa wagonjwa wa korona. Usihesabu aina bila PCR.

Kwenye ripoti ya wiki, kila sampuli iwe na siku ya homa, wilaya na safari za siku 14 zilizopita. Ya siku ya 8 isiyoonyesha kitu iandikwe "imechelewa", si "hasi".