Daftari la saiti kwanza, umeneja baadaye
Wewe uliyemaliza uhandisi na unautaka umeneja wa miradi: ukipata saiti, hata ya ghorofa moja pale Chumbageni, nunua daftari siku hiyohiyo. Kila jioni andika mafundi wangapi wamefika, mifuko ya saruji iliyotumika, nondo zilizoingia, mvua ilianza saa ngapi. Masika ya Tanga hayana adabu. Mkandarasi akidai siku za nyongeza, daftari lako ndilo shahidi. Tarehe ya kumwaga zege usiikose, maana kyubu za majaribio, yaani vipande vya zege vya kupima nguvu yake, huvunjwa siku ya 7 na ya 28. Halafu jisajili mapema ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kama mhandisi mhitimu. Mafunzo yao ya vitendo huchukua muda. Mimi nilichelewa, uvivu tu.