Unanunua kiwanja cha familia Mbeya? Anza na mama wa nyumba

Wengi wanaotafuta kiwanja huku kwetu, iwe Isyesye, Uyole, Mbalizi au kule Kihesa Iringa, hofu yao yote ni hati feki. Feki zipo kweli, ila kinachowaliza watu sana ni kununua kwa mtu mmoja mali ambayo ina wenyewe watano, hati ni halali kabisa na muuzaji ni mwenye jina lake, halafu ukishamwaga mchanga na tofali mke anajitokeza au watoto wa marehemu wanakuja na barua ya wito.

Kwa hiyo kabla ya bei, uliza huyu muuzaji ana mke au mume? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kifungu cha 59 kinasema nyumba ya ndoa haiuzwi, haigawiwi, haipangishwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Sasa angalia inavyokuwaga, unafika, mzee anakukaribisha sebuleni, mama analeta chai anarudi jikoni, nyie mnaandikishana. Simamisha hapo hapo. Omba mama akae, aelezwe kinachouzwa ni kipi na kwa shilingi ngapi, asome mkataba au asomewe, ndo asaini au aweke dole gumba na picha yake ya pasipoti ibandikwe. Na asisaini pale kwa mashahidi! Iandikwe wazi kwamba ni mwenzi wa muuzaji na ameridhia mauzo, maana shahidi anathibitisha tu kwamba ameona watu wakisaini, hajasema ameridhia. Kama mzee anasema "huyu hahusiki na mambo ya viwanja", mimi ningeaga nikaondoka.

Ukiambiwa hawana cheti cha ndoa usishangilie, kifungu cha 160 cha sheria hiyo hiyo kinasema watu wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawajua kama mke na mume, inachukuliwa wameoana mpaka mtu athibitishe vingine. Mwenye wake wawili, ulizia nani anaishi au analima pale.

Na nyie kina mama mnaosoma hapa, ukisikia nyumba inapigiwa hesabu kimyakimya nenda kwa msajili wa hati ofisi ya ardhi ukaweke zuio, sheria inakuruhusu, na ukiliweka mapema ni rahisi mara mia kuliko kuja kufukuzana na mnunuzi ambaye ameshapiga bati.

Mali ya marehemu ndo inahitaji moyo zaidi. Kaka mkubwa anakuonyesha muhtasari wa kikao cha ukoo, kwamba amechaguliwa yeye. Ule muhtasari ni pendekezo tu, anayemteua msimamizi wa mirathi ni mahakama, kwa hiyo dai barua ya usimamizi yenye mhuri, halafu nenda mahakama hiyo hiyo uulize kama bado inasimama na kama hakuna pingamizi. Ukitoka hapo tafuta warithi wote, hasa mabinti walioolewa mbali, kina dada wa Tunduma na Dar ambao huwa hawaambiwi, piga simu uongee nao mwenyewe na waridhie kwa maandishi.

Kwa mnaokimbilia mashamba ya parachichi Rungwe au ya miti Kilolo na Mufindi, ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, na mauzo lazima yapate idhini ya halmashauri ya kijiji. Mhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi, omba nakala ya muhtasari wa kikao kilichokubali.

Shambani msipite juu juu. Waite majirani wa pande zote, zungukeni mipaka mguu kwa mguu, kila mmoja asimame kwenye kona yake aseme "hapa ndo mwisho wangu", na wasaini hapo hapo. Pima pia umbali, mita 60 kutoka kingo za mto usijenge, na barabara kuu hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati, waliojenga kandokando ya barabara ya Tunduma wanaijua ile X nyekundu ya kubomolewa. Kiwanja kilichopimwa ukakifanyie search ofisi ya ardhi, yaani uangalie kwenye kumbukumbu zao mwenyewe ni nani, mkataba uandaliwe na wakili, hela ipite benki. Msingi usichimbwe kabla ya kibali cha ujenzi cha halmashauri.

Kama mgogoro umeshatokea, anzia baraza la kata. Tangu mabadiliko ya 2021 kata haihukumu tena, inasuluhisha tu, ikishindwa au siku 30 zikipita unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usuluhishi ukishindikana dai cheti cha kata kinachosema hivyo, maana kama siku 30 hazijapita, bila hicho wilayani hawakusikilizi. Na usikae nalo moyoni ukisubiri ndugu wabadilike, madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12.